Daftari, kadi, mizizi au kikundi? Ulinganisho wa njia nne za kujifunza msamiati wa Kiingereza na istilahi za fasihi

Mwanafunzi anayeingia kidato cha tano kwa tahasusi (mchanganyiko wa masomo) ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) au KLF (Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa) hudaiwa Kiingereza cha aina mbili kwa wakati mmoja. Kwanza anahitaji msamiati mpana wa kusomea riwaya, tamthiliya na mashairi bila kukwama kila mstari. Pili anahitaji istilahi za uhakiki, yaani maneno kama "irony", "foreshadowing", "soliloquy" na "tone", ambayo mtahini anatarajia yatumike katika hoja na si kutajwa tu. Mwenzake wa Kenya anayejiandaa kwa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yumo katika hali hiyohiyo, kwa kuwa karatasi ya pili ya Kiingereza humpa dondoo la kitabu teule alichambue, na karatasi ya tatu humtaka aandike insha juu ya vitabu hivyo. Kwa Mtanzania mzigo huongezeka zaidi, kwa sababu wengi walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na Kiingereza kikawa lugha ya karibu masomo yote walipofika kidato cha kwanza.

Njia zinazopendekezwa na walimu na wanafunzi wenyewe ni nyingi, ila nne ndizo zinazorudiwa zaidi: daftari la msamiati linalojazwa wakati wa kusoma vitabu, kadi za marudio, kujifunza mizizi ya Kigiriki na Kilatini, na kikundi cha majadiliano. Kukariri orodha ndefu ya maneno na maana zake sikukuweka humu, kwa kuwa ni sawa na kadi zilizonyimwa kile kinachozifanya zifanye kazi, yaani kujipima.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni muda na vifaa: njia inahitaji nini, na je, inawezekana kwa mwanafunzi wa bweni asiyeruhusiwa kuwa na simu? Cha pili ni kudumu kwa neno: mwezi ukipita, bado lipo kichwani? Cha tatu ni matumizi: mwanafunzi ataweza kuliandika neno hilo katika sentensi yake mwenyewe, likiwa na kihusishi sahihi na maneno yanayozoea kuambatana nalo? Cha nne kinahusu fasihi peke yake. Swali la uhakiki hudai hatua tatu: kuitaja mbinu, kuionyesha kwa mfano kutoka kitabuni, na kueleza imefanya kazi gani pale ilipotumika. Kwa maoni yangu kigezo hiki ndicho kizito kuliko vyote, kwa sababu wanafunzi wengi wenye bidii huishia hatua ya kwanza na kushangaa kwa nini alama zao hazipandi.

Kabla ya kuendelea, ni vizuri kufahamu kwamba "msamiati wa juu" si kitu kimoja. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa Chuo Kikuu cha Victoria mjini Wellington, New Zealand, alichapisha orodha ya familia 570 (familia ni neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo) za maneno ya kitaaluma, kama "analyse", "context" na "significant", ambayo hayamo katika yale takribani 2000 ya msingi aliyoyaorodhesha Michael West mwaka 1953. Maneno ya orodha hiyo yalikuwa kama asilimia 10 ya maneno yote katika matini za kitaaluma alizozichunguza, lakini katika mkusanyo wa kazi za kubuni yalifikia asilimia 1.4 tu. Maana yake kwa mwanafunzi ni kwamba orodha ya maneno ya kitaaluma itamsaidia sana katika historia na jiografia, na itamsaidia kuandika insha yake ya uhakiki, lakini haitamfungulia riwaya. Riwaya ina maneno ya sura za watu, harufu, mwendo, hasira na hali ya hewa, na hayo hupatikana kwa kusoma riwaya. Paul Nation, wa chuo hichohicho, alikadiria mwaka 2006 kwamba msomaji anahitaji kufahamu familia 8000 hadi 9000 za maneno ili asome riwaya bila msaada. Hakuna atakayezikariri zote kwa miaka miwili ya kidato cha tano na sita, kwa hiyo kuchagua ni lazima.

Njia zenyewe kwa ufupi

Daftari la msamiati hujazwa na maneno yanayotoka katika vitabu teule vyenyewe. Kwa kila neno mwanafunzi huandika sentensi nzima ya mwandishi pamoja na namba ya ukurasa, maana iliyotoka katika kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, na sentensi yake mwenyewe inayomhusu mhusika wa kitabu. Tuchukue neno "ambivalent". Maana ya kamusi humwambia kwamba ni kuwa na hisia mbili zinazopingana juu ya jambo moja. Sentensi yake inaweza kuwa: "Neema is ambivalent about leaving the village: she wants the scholarship, yet she cannot picture her mother alone." Sentensi hiyo imebeba neno, imebeba kihusishi "about", na tayari ni nusu ya aya ya insha ya wahusika.

Kadi za marudio ni vipande vya karatasi ngumu, swali likiwa upande mmoja na jibu upande wa pili. Mwandishi Sebastian Leitner alieneza katika miaka ya 1970 utaratibu wa kuzipanga katika visanduku: kadi uliyoipatia husogea kisanduku cha mbele na kurudiwa baada ya siku nyingi zaidi, na uliyoikosa hurudi kisanduku cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Anki, programu iliyotoka mwaka 2006, hufanya hesabu hiyo yenyewe. Ni ya bure kwenye kompyuta na simu za Android, ila toleo la iPhone hulipiwa.

Njia ya mizizi hulivunja neno vipande, kama mwanafunzi alivyofundishwa kuchambua mofimu katika Kiswahili, pale mzizi "pig-" unapozaa piga, pigia, pigana, pigo na mpigaji. Kilatini "bene" ni vizuri na "male" ni vibaya, hivyo "benevolent" na "malevolent", "benefactor" na "malediction" huja kwa pamoja. Kigiriki "agon" ni shindano, nalo limo ndani ya "protagonist" na "antagonist".

Kikundi cha majadiliano ni wanafunzi watatu hadi watano wanaokutana, kwa kawaida wakati wa prepo (muda wa kujisomea jioni) au mwishoni mwa wiki, kujadili sura ya kitabu kwa Kiingereza kwa sharti la kutumia maneno waliyokubaliana.

Muda, vifaa na gharama

Kikundi hakihitaji fedha yoyote, lakini hudai kitu kigumu kupatikana: watu wanaotimiza ahadi. Kisipokuwa na mtu wa kusimamia, nusu saa ya kwanza huishia kwenye mazungumzo mengine, na Kiingereza hugeuka Kiswahili kabla ya hoja ya pili. Daftari hudai kamusi nzuri na muda wa kusoma kwa utulivu. Anayejaribu kuandika kila neno asilolijua atatumia jioni nzima kwa kurasa tatu na kukichukia kitabu. Maneno matano kwa sura moja yanatosha, nayo yawe yale yanayojirudia au yanayobeba tabia ya mhusika.

Kwa kadi, gharama iko mwanzoni. Karatasi moja ya manila hutoa kadi nyingi, na kuziandika ni kazi ya siku chache, lakini baada ya hapo dakika 15 kwa siku hutosha. Anayesoma bweni asisikitike kwamba hana Anki, kwa sababu visanduku vitatu vya karatasi hufanya kazi ileile na havihitaji chaji wala bando. Mizizi ndiyo nyepesi kuliko zote: ukurasa mmoja uliobandikwa ndani ya jalada la daftari unaweza kubeba mizizi 30 na viambishi 20 utakavyovitumia mwaka mzima.

Neno kudumu kichwani

Hapa kadi zina nguvu ya pekee, na sababu yake inafahamika tangu zamani. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kilichokaririwa hupotea mapema, ndani ya saa na siku za mwanzo, kisha kasi ya kusahau hupungua. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma. Waliorudia kusoma walikumbuka zaidi walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliokuwa wamejipima kwa kukumbuka bila kutazama ndio waliokuwa mbele. Mwanafunzi anayesoma notisi zake mara nne usiku wa kuamkia jaribio na kujiona anajua kila kitu yumo katika zile dakika tano.

Daftari lisilofunguliwa tena halidumishi neno. Huo ndio udhaifu wake mkubwa, nao hutibika kwa urahisi: funika safu ya maana kwa karatasi, jiulize neno moja moja, na weka alama kwenye uliyoyakosa. Mizizi hudumu vizuri kwa sababu kila neno jipya la ukoo uleule huukumbusha mzizi wake. Kikundi hudumisha vizuri sana maneno machache, yaani yale uliyobishana juu yake, na hakigusi mengine.

Kutoka kulijua neno hadi kuliandika

Mizizi ndiyo dhaifu zaidi katika kigezo hiki, na mara nyingine hupotosha. Anayeamini kwamba "in-" hukanusha siku zote ataandika kwamba "infamous" ni mtu asiyejulikana, kumbe ni mtu anayejulikana kwa ubaya. Na "inflammable" ni kitu kinachoshika moto kwa urahisi, sawasawa na "flammable". Mzizi ni wa kukisia maana ya neno ulilokutana nalo ndani ya chumba cha mtihani, ambako hakuna kamusi. Haukufundishi neno hilo linakaa wapi katika sentensi.

Kadi hutegemea kilichoandikwa juu yake. Kadi yenye "reluctant" upande mmoja na "asiyetaka" upande wa pili humzalisha mwanafunzi anayeandika "he was reluctant of going". Ile yenye sentensi "She was ______ to sign the letter" humpa neno pamoja na "to" inayolifuata. Kadi ya sentensi yenye pengo huchukua muda mrefu kidogo kuiandika, na ningemshauri yeyote awe na kadi 100 za namna hiyo kuliko 300 za neno kwa neno. Kamusi ya Kiingereza–Kiswahili ni msaada mzuri wa kupata mwanga wa haraka, lakini mfano wa matumizi utafutwe katika kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza au katika kitabu chenyewe.

Daftari na kikundi ndizo zinazovuka daraja hili vizuri. Daftari hulazimisha sentensi iliyofikiriwa. Kikundi hulazimisha sentensi ya papo hapo, mbele ya watu, na mwenzako akikosea unasikia. Hatari ya kikundi ni kwamba kosa likisemwa kwa ujasiri huwa mali ya wote. Sentensi zenye mashaka ziandikwe pembeni na kupelekwa kwa mwalimu.

Istilahi za fasihi

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki ana mtaji ambao hautumii vya kutosha. Katika fasihi ya Kiswahili ameshafundishwa tashbihi, sitiari, tashihisi, takriri, taharuki na mbinu rejeshi, na dhana hizo hazibadiliki zinapoitwa "simile", "metaphor", "personification", "repetition", "suspense" na "flashback". Anayelijua hilo hujifunza jina jipya tu la kitu anachokifahamu, naye huokoa majuma. Njia yoyote atakayoichagua, aanze kwa kupanga istilahi katika mafungu mawili: zenye ndugu kamili katika fasihi ya Kiswahili, na zisizo na ndugu kamili.

Fungu la pili ndilo la kupewa muda. Kejeli, au kinaya kama wanavyofundishwa wanafunzi wa Kenya, haitoshi kubeba aina zote tatu za "irony" ambazo maswali ya Kiingereza hutenganisha: ile ya maneno, msemaji anaposema kinyume cha anachokusudia; ile ya tukio, mambo yanapogeuka kinyume cha yaliyotarajiwa; na ile ya kidrama, hadhira inapojua jambo ambalo mhusika halijui. Vilevile "tone" na "mood" huchanganywa kila mwaka: ya kwanza ni msimamo wa msemaji au mwandishi kwa jambo analolisema, ya pili ni hali ya hisia inayomzunguka msomaji.

Fikiria onyesho la tamthiliya ambamo mama anadarizi nguo ya harusi ya binti yake huku akiimba, na katika onyesho lililotangulia hadhira imemwona bwana harusi akipanda meli kukimbia. Mwanafunzi aliyekariri maana ya istilahi ataandika: "The writer uses dramatic irony to make the play interesting." Ameitaja mbinu, na ndipo alipoishia, kwa kuwa sentensi hiyo inaweza kuandikwa kuhusu tamthiliya yoyote duniani. Mwingine ataandika: "Because we have already watched the groom board the ship, the mother's song is painful to hear: every stitch she praises is work that we know is wasted." Huyu ameonyesha na ameeleza athari, na msomaji wa insha yake anamwona mama yule na sindano yake.

Njia zetu nne hutofautiana sana hapa. Mizizi hutoa mwanga mzuri kwa baadhi ya istilahi: "soliloquy" ni Kilatini "solus", peke yake, na "loqui", kusema, "onomatopoeia" ni Kigiriki "onoma", jina, na "poiein", kutengeneza. Lakini haikusaidii kutenganisha "tone" na "mood", na inaweza kukuchanganya kwa "pathetic fallacy", istilahi iliyobuniwa na mhakiki Mwingereza John Ruskin mwaka 1856 kwa tabia ya kuvipa mawingu, upepo na bahari hisia za binadamu, ambayo haihusiani na "pathetic" ya mazungumzo ya leo inayomaanisha kitu duni.

Kadi hufaa kwa hatua ya kwanza na, zikitengenezwa kwa uangalifu, kwa ya pili: upande wa mbele uwe na mistari miwili ya kifungu, si tafsiri ya istilahi, na swali liwe "mbinu gani imetumika hapa?". Kwa hatua ya tatu kadi haitoshi, kwa sababu athari ya mbinu hubadilika kila inapotumika, na jibu lililokaririwa hunuka kukaririwa. Daftari hubeba hatua zote tatu iwapo lina safu ya nne, ya kueleza athari kwa sentensi moja. Kikundi ndicho chenye nguvu zaidi katika hatua ya tatu: mwenzako anapouliza "kwa nini mwandishi hakusema tu kwamba mama ana furaha?", unalazimika kufikiri kilichopotea kama mbinu hiyo isingalikuwapo, na jibu hilo ndilo linaloandikwa kwenye insha.

Inamfaa nani

Daftari linamfaa msomaji mtulivu mwenye muda wa miezi kadhaa na kitabu chake mwenyewe. Linamchosha asiyependa kuandika. Kadi zinamfaa mwenye ratiba iliyojaa na kumbukumbu inayovuja, na vilevile anayekaa ugenini, Oman au Ulaya, akilazimika kuwafikia wenzake darasani kwa haraka. Mizizi inamfaa anayesoma pia baiolojia au kemia, kwa sababu Kigiriki na Kilatini hicho hicho kimejaa humo, na anayependa kujua vitu vimeundwaje. Kikundi kinamfaa anayejua mengi lakini kalamu yake ni nzito, mradi awe na wenzake wanaosoma kitabu kabla ya kikao.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ikiwa uko kidato cha tano na mtihani uko mbali, fanya daftari kuwa msingi, kisha kila Jumamosi hamisha maneno kumi bora kwenye kadi. Hakuna haja ya kuanza na kikundi kabla hujasoma walau kitabu kimoja hadi mwisho.

Ikiwa zimebaki wiki sita, acha kutafuta maneno mapya ya riwaya. Tengeneza kadi za istilahi zisizozidi 40, zote zikiwa na vifungu kutoka vitabu teule vyako, na tumia muda uliobaki kwenye kikundi mkiandika sentensi za athari na kusahihishana.

Ikiwa unaelewa kitabu vizuri ila alama za insha hubaki palepale, tatizo lako huenda si msamiati. Kusanya insha zako mbili zilizosahihishwa, pigia mstari kila mahali ulipotaja mbinu, na uangalie kama kuna sentensi ya athari inayofuata. Isipokuwapo, kikundi au safu ya nne ya daftari itakusaidia kuliko kadi 100 zaidi.

Ikiwa Kiingereza chako bado ni cha kujikongoja, weka istilahi kando kwa muda. Anza na yale maneno 2000 ya msingi kwa kadi za sentensi, ukisoma sambamba vitabu vyepesi vilivyoandikwa kwa wanafunzi, kwa maana riwaya teule yenye neno geni kila mstari haifundishi msamiati.

Na ikiwa wewe ni mtahiniwa wa kujitegemea, huna darasa wala mwalimu wa karibu, daftari na kadi utazimudu peke yako. Kinachokosekana ni sikio la pili. Tafuta mtu mmoja aliyesoma kitabu hichohicho, hata kama mtawasiliana kwa ujumbe wa sauti, na mtumiane kila wiki sentensi tatu za uhakiki: mwenzako ajaribu kuhamisha kila sentensi yako kwenye kitabu kingine, na ikikubali kuhama bila kubadilishwa neno, iandike upya.